Kusimulia Safari ya Mchezaji Bila Kuongeza Wala Kupunguza

(Hotuba ya mjumbe wa Kamati ya Jamii anayeshughulikia vijana na michezo, iliyosomwa mjini Bujumbura katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya michezo. Sitasema juu ya vikombe wala jezi, maana hayo mmeyasikia asubuhi. Nataka tuzungumze juu ya maneno. Nataka tuulizane: mtu akicheza mpira wa kikapu, huu tunaouita basketi, sisi tunayeandika habari zake katika jarida letu na katika ubao wa matangazo, tunamwandikaje?

Mtaona ni jambo dogo. Si dogo. Sisi tuliovuka mto Rusizi na kuja huku tunajua vizuri uzito wa habari ya mtu ikiandikwa. Kila mmoja wetu amekaa mbele ya meza akaulizwa: ulizaliwa lini, ulitoka wapi, ulipita wapi, ulifika lini. Tarehe ikipishana na ya jana, faili linasimama. Neno likiongezwa kwa huruma au kupunguzwa kwa haraka, mwenye faili ndiye anayebeba mzigo. Basi kama tunataka wengine watuandike kwa haki, na sisi tujifunze kuwaandika wenzetu kwa haki, kuanzia hapa uwanjani.

KWA NINI NIMELILETA JAMBO HILI

Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni magomvi. Timu zetu zinatoka kanda mbalimbali za kambi. Anayeandika habari za mchezo naye anatoka kanda fulani. Timu yake ikishinda anaandika "simba wameunguruma". Ikishindwa anaandika "mwamuzi alitunyang'anya". Wasomaji wa upande wa pili wanakasirika, na mchezo uliopangwa kutuunganisha unageuka kuwa maneno ya kisimani. Katika kambi yenye makabila mengi na majeraha mengi, sentensi moja ya dharau haiishii kwenye karatasi.

Ya pili ni barua. Vijana wetu wanaomba nafasi za shule, na wengine wanaombwa wapeleke maelezo ya michezo yao. Kijana mmoja, mchezaji mzuri kweli, aliandikiwa barua iliyosema yeye ni "bingwa wa Afrika ya Kati". Aliyeisoma akauliza: katika mashindano gani, mwaka gani, dhidi ya nani? Hapakuwa na jibu. Kijana yule alikuwa na mambo ya kweli ya kutosha: michezo aliyocheza, mahudhurio yake ya mazoezi, wadogo aliowafundisha. Hayo hayakuandikwa. Sifa ya uongo ilifunika sifa ya kweli.

Kwa hiyo nimechagua mfano wa mtu mmoja anayejulikana, mtoto wa Afrika Mashariki, msemaji wa Kiswahili kama sisi, tujifunze kwake namna ya kusimulia. Mtu huyo ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam.

HABARI MBILI ZA MTU MMOJA

Mkiketi na vijana pale Buyenzi au kambini mkataja jina la Thabeet, mtasikia hadithi mbili. Wa kwanza atasema: "Huyo ni shujaa, alifika NBA, aliwashinda Wamarekani kwao." Wa pili atacheka na kusema: "Huyo alishindwa, walimchagua wa pili wakajuta." Wote wawili wanasema kwa sauti kubwa, na hakuna hata mmoja anayetaja mwaka wala hesabu.

Mimi nimejaribu kuandika habari yake kama inavyopaswa kuandikwa katika jarida letu. Sikilizeni kwanza, kisha tutaichambua.

"Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Ana urefu wa sentimita 221. Alianza mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka ipatayo 15, akaenda Marekani kusoma, akamaliza sekondari mjini Houston. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, akafundishwa na kocha Jim Calhoun. Alicheza hapo misimu mitatu. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, na mwaka 2009 aligawana na DeJuan Blair heshima ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Mwaka huohuo timu yake ilifika kwenye timu nne za mwisho za mashindano ya vyuo, ikafungwa na Michigan State pointi 82 kwa 73.

"Tarehe 25 Juni 2009, katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Msimu wa kwanza alicheza michezo 68, kwa wastani wa dakika kama 13 kwa mchezo. Wastani wake ulikuwa pointi 3.1, mipira ya kurudi 3.6 na mitupo aliyozuia 1.3. Katikati ya msimu huo alipelekwa kwa muda timu ya Dakota Wizards katika ligi ya chini ya kukuza wachezaji. Februari 2011 Memphis ilimhamishia Houston Rockets. Machi 2012 akahamishiwa Portland Trail Blazers. Kisha akacheza Oklahoma City Thunder misimu miwili, hadi 2014. Kwa jumla alicheza NBA michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na mipira ya kurudi 2.7. Baada ya hapo alicheza katika ligi ya chini ya Marekani, kisha Japani, na kuanzia mwaka 2020 Taiwan."

Basi. Hakuna "shujaa" humo, wala hakuna "alishindwa". Hata hivyo aliyesikia amejua yaliyotokea, na anaweza kupima mwenyewe.

TUICHAMBUE

Kwanza, angalieni miaka na mahali. Kila hatua ina mwaka wake na timu yake. Anayesema "alizunguka zunguka timu nyingi" amesema jambo ambalo halishikiki. Anayesema Memphis 2009, Houston 2011, Portland 2012, Oklahoma City 2012 hadi 2014, amesema jambo ambalo msomaji anaweza kulichunguza. Neno "zunguka" tayari lina hukumu ndani yake. Mwaka hauna hukumu.

Pili, angalieni hesabu pamoja na dakika zake. Mtu akisema tu "alifunga pointi 3 kwa mchezo" utadhani alisimama uwanjani kama mti. Lakini mchezo wa NBA una dakika 48, na yeye alikuwa akicheza kama 13, chini ya theluthi moja. Tena Memphis ilikuwa na Marc Gasol, mchezaji mwingine mrefu wa nafasi hiyohiyo, aliyekuwa amefika mwaka uliotangulia. Mambo haya hayabadilishi hesabu, wala si udhuru, yanaieleza hesabu. Hesabu bila maelezo ni kama kumwandika mama kwamba amepokea kilo kadhaa za mahindi bila kutaja watoto wangapi wanaokula.

Tatu, msifiche lisilopendeza. Kupelekwa ligi ya chini kulikuwa jambo la kweli. Tena hadi wakati ule hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Anayempenda Thabeet atataka kuliruka. Tusiliruke. Hali kadhalika, ni kweli kwamba waliochaguliwa nyuma yake mwaka ule walifika mbali sana: James Harden alichaguliwa wa 3, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018, Stephen Curry alichaguliwa wa 7, akapata heshima hiyo mwaka 2015 na 2016. Kutopendelea si kuficha.

Nne, jiulizeni kila tendo ni la nani. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Watu husema "Thabeet wa pili, Curry wa saba, aibu gani hii". Ndugu zangu, Thabeet hakujichagua. Waliomchagua ni viongozi wa timu, waliokuwa wamemwona akiwa mlinzi bora wa ligi yake miaka miwili mfululizo. Kama ule uchaguzi ulikuwa na kasoro, kasoro ni ya aliyechagua. Kijana aliyeanza mchezo na miaka 15, miaka saba baadaye akaitwa wa pili, aandikwe kwa aliyoyatenda yeye. Sisi wakimbizi tunalielewa hili haraka. Ni mara ngapi tumeandikwa kwa maamuzi ambayo yalifanywa na wengine?

Tano, neno la sifa au la lawama liwe na mwenyewe. Ukitaka kuandika "mlinzi bora", sema nani alimtaja hivyo na mwaka gani: ligi ya Big East, 2008 na 2009. Hapo si wewe unayesifu. Na ukitaka kuandika "alishindwa", sema nani anasema hivyo na anapima kwa kipimo gani. Kama ni kipimo cha waliotarajia nyota, sema hivyo. Kama kipimo ni vijana wangapi wa Tanzania walifika huko kabla yake, jibu ni sifuri. Kila kipimo kina jibu lake. Kosa ni kutoa jibu na kuficha kipimo.

MIFANO MIWILI YA KWETU KONGO

Msidhani kwamba kanuni hizi ni za wale waliopata misukosuko peke yao. Hata aliyefanikiwa sana anahitaji kuandikwa kwa uangalifu.

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown, akiwa na nia ya kuwa daktari. Mwaka 1991 Denver Nuggets walimchagua wa 4. Alicheza misimu 18, akawa mlinzi bora wa NBA mara 4: 1995, 1997, 1998 na 2001. Alizuia mitupo 3,289, akiwa wa pili katika historia ya ligi nyuma ya Hakeem Olajuwon. Mwaka 2007 hospitali iliyopewa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa Kinshasa. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58.

Wengi, kwa kumpenda, huongeza kwamba alikuwa bingwa wa NBA. Hapana. Alifika fainali mwaka 2001 na Philadelphia na mwaka 2003 na New Jersey, na mara zote mbili timu yake ilifungwa. Je, tukiandika hivyo tumemshusha? Hata kidogo. Mtu mwenye hospitali Kinshasa hahitaji kikombe cha kuazima.

Wa pili ni Bismack Biyombo wa Lubumbashi, aliyezaliwa tarehe 28 Agosti 1992. Alitoka nyumbani akiwa kijana, akapitia Yemeni na nchi nyingine za Waarabu, akafika Hispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 7, akaanza kuchezea Charlotte. Tarehe 21 Mei 2016, akiwa Toronto, alidaka mipira 26 ya kurudi katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland. Baada ya baba yake kufariki mwaka 2021, alitoa mshahara wake wa msimu uliofuata ujengwe hospitali Kongo kwa jina la baba yake.

Mwaka ule wa 2011 watu walisema mengi juu ya umri wake. Walisema si mtoto wa miaka 18, ni mtu mzima. Ninyi vijana mnajua maneno hayo. Wangapi hapa waliambiwa usoni kwamba umri wao ni wa uongo kwa sababu cheti kilibaki nyumba ikiungua? Mwandishi afanye nini na uvumi kama huo? Aandike tarehe iliyo katika kumbukumbu rasmi. Kama ubishi wenyewe ulikuwa sehemu ya habari, aandike kwamba ulikuwepo, bila kuupa miguu. Uvumi ukiandikwa mara moja kana kwamba ni ukweli, haufutiki kwa kuandika mara kumi kwamba ulikuwa uvumi.

JAMBO LILILO KARIBU NASI ZAIDI

Najua wenyeji wetu wa Bujumbura wanangoja niseme juu ya Dynamo. Nitasema, kwa sababu ni mtihani mzuri wa somo hili.

Machi 2024 timu ya Dynamo ya hapa Bujumbura ilikwenda Pretoria, Afrika Kusini, kucheza katika Ligi ya Basketi ya Afrika, BAL. Jezi za ligi zilikuwa na maneno ya mdhamini, "Visit Rwanda". Uhusiano wa Burundi na Rwanda wakati ule ulikuwa mbaya. Mchezo wa kwanza Dynamo walicheza maneno hayo yakiwa yamefunikwa, wakawashinda Cape Town Tigers. Baada ya hapo hawakukubaliana na ligi juu ya jezi. Michezo miwili iliyofuata, dhidi ya FUS Rabat na Petro de Luanda, haikuchezwa, na timu ikaondolewa katika mashindano.

Yupo anayesema walitetea heshima ya nchi. Yupo anayesema wachezaji walinyimwa nafasi waliyoitolea jasho. Jarida letu si mahakama, na sisi ni wageni hapa. Lakini kuna jambo moja ambalo mwandishi wa haki hatalisahau: mchezaji wa Dynamo asiandikwe kwamba alifungwa na Rabat na Luanda. Hakufungwa. Hakucheza. Katika jedwali mchezo usiochezwa huonekana kama mchezo uliopotea, na miaka kumi baadaye atakayesoma jedwali peke yake atadhani ni udhaifu wa mikono yake. Ndiyo maana sentensi moja ya maelezo inatakiwa ikae kando ya hesabu.

TUFANYE NINI KUANZIA SASA

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kutoa lawama. Nina maombi manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza: kila timu iwe na daftari moja. Katika daftari iandikwe tarehe, timu zilizocheza, matokeo, majina ya waliocheza, dakika zao, pointi na makosa. Anayeandika asiwe mchezaji wa timu yoyote kati ya mbili zinazocheza siku hiyo. Mwisho wa mchezo manahodha wote wawili watie sahihi.

La pili: habari ya mchezo katika jarida isomwe na watu wawili kutoka kanda mbili kabla ya kubandikwa. Kila neno la kusifu au kushutumu liulizwe: nani anasema? Likikosa mwenyewe, litoke.

La tatu: barua ya kumtambulisha kijana itokane na daftari. Iseme: amecheza michezo mingapi, tangu mwaka gani, anafanya mazoezi siku ngapi, tabia yake kwa maneno ya kocha wake mwenye jina. Isiseme "bingwa" kama hakuna kikombe. Nawaomba na ndugu zetu wa mashirika wafanye vivyo hivyo. Mnapoandika ripoti zenu juu ya vijana wetu, msituandike kama watu wa kuhurumiwa tu, wala kama miujiza. Kijana anayecheza vizuri na kusoma wastani, aandikwe hivyo hivyo.

La nne ni kwa wazazi. Akija mtu akisema atampeleka mtoto wako Ulaya au Marekani kwa sababu ya urefu wake, muulize maswali yaleyale ya daftari: shule gani, mji gani, mwaka gani, nani alipelekwa kabla yake, na yuko wapi sasa. Anayetaja Mutombo na Biyombo bila kutaja jina la shule, mshukuru kwa kukutembelea, mfungulie mlango aende. Na kabla ya kutoa karatasi yoyote ya mtoto, njoo kwenye Kamati.

Vijana wangu, mwisho nawageukia ninyi. Wengi wenu hamtafika NBA. Nasema hivi bila kuwakatisha tamaa, maana kila mwaka uchaguzi ule huwapokea wachezaji wachache wa dunia nzima. Lakini kila mmoja wenu atakuwa na safari yake: timu ya kanda, timu ya shule, labda klabu ya hapa Bujumbura, labda ukocha wa watoto. Safari hiyo ni kazi yenu, na inastahili kuandikwa sawasawa, kwa tarehe zake, mafanikio yake na siku zake za kukaa benchi. Mkiona mwenzenu wa timu pinzani amecheza vizuri, mwandikeni kwamba amecheza vizuri. Ugenini tumepoteza vitu vingi. Ukweli wa jina la mtu tusiupoteze kwa mikono yetu wenyewe.

Daftari la kwanza liko hapa mezani. Limenunuliwa kwa michango ya wajumbe. Mchezo wa fainali unaanza saa tisa, na waandishi wawili wameshachaguliwa, mmoja kutoka kila upande. Nawaomba manahodha waje watie sahihi kabla mpira haujarushwa.